Maneno ya Chini ya Kioo

Jumatatu, 3 Machi. Mvua tangu asubuhi.

Naanza kuandika kwa sababu ya tamthilia. Leo Mama kaniuliza, "Ijumaa tuliishia wapi?" nikashindwa kumjibu. Nikasema waliishia kulia. Akasema, "Hao wanalia kila siku, hilo si jibu." Basi nimetoa daftari hili kwenye droo, nitakuwa naandika nikimaliza kupiga pasi, mwanangu Bonge akiwa amelala.

Mama ni mama mkwe wangu. Macho yake yameingia ukungu. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, yote mawili. Mama mwenyewe anasema, "Nimezaa wawili, huyu wa tatu kakaa pabaya na hataki kutoka." Anaona mwanga na vivuli, lakini kusoma hawezi tena. Na hii tamthilia tunayoipenda haikuwekewa sauti ya Kiswahili. Watu wake wanasema lugha yao, Kiswahili kinapita chini ya kioo, kimeandikwa. Kwa hiyo namsomea mimi. Niliacha shule mapema, nasoma kwa kuvuta, na maneno yananikimbia kabla sijayamaliza. Mama anasema nasoma kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

Majina yao yametushinda, tumewapa ya kwetu. Kuna Mama Chumvi, mwenye mashamba ya chumvi. Kuna Mwana, mtoto wake wa pekee. Kuna Mkwe, mke wa Mwana, mwembamba, hasemi sana. Na kuna Kofia, shemeji yake Mama Chumvi, ambaye hata kitandani halivui kofia lake.

Jumanne, 4 Machi.

Mvua. Nguo za watu ninazofua hazikauki.

Ijumaa, 7 Machi. Mvua.

Nimefunga kamba sebuleni. Nguo za wateja zimening'inia kutoka dirishani mpaka mlangoni, na sisi tunaangalia televisheni katikati ya mashati mawili ya yule mhasibu. Mama anakunja zilizokauka kwa kupapasa. Hakosei. Anajua shati na blauzi kwa vifungo.

Leo Kofia kamwambia Mama Chumvi kwamba hajachukua funguo za ghala. Mimi nilimwamini. Mama akasema, "Mwongo huyo."

"Umejuaje, Mama? Hata sijamaliza kusoma."

"Anacheka kabla ya kumaliza kusema. Wewe unasoma, mimi nasikiliza."

Na kweli, mwishoni funguo zilionekana ndani ya kofia.

Jumamosi, 8 Machi.

Filamu nzuri kuliko zote za mwaka huu, kwangu mimi. Mzee analinda daraja la reli. Treni zilikwisha acha kupita, hakuna aliyekuja kumwambia, naye kila asubuhi anafagia reli. Hawasemi kitu karibu nusu ya filamu. Nikawa namweleza Mama: anainama, anachukua ufagio, anaangalia kule.

"Usiniambie anafanya nini," akasema. "Niambie uso wake ukoje."

Nikauangalia vizuri. Mwisho nikasema, "Kama wako mvua ikianza."

Akageuza uso. Nikaona nimeharibu. Mwaka jana msimu huuhuu mwanawe, mume wangu, Baba Bonge, alipanda nguzo ya umeme kwenye mvua, akaanguka. Alikuwa fundi wa laini. Alifika hospitali akiwa hai, hakurudi. Bonge alikuwa bado hajaota jino.

Baadaye sana Mama akauliza, "Na yule mzee, treni ilikuja?"

"Haikuja. Lakini alifagia."

"Basi sawa."

Alhamisi, 13 Machi. Mvua na upepo.

Mwana katoka kwenye dhoruba kwenda kufunga milango ya maji ya mashamba. Hajarudi. Mama akasema nizime. Hajawahi kusema nizime. Nikazima, tukakaa tukisikiliza mvua yetu.

Jumatatu, 17 Machi.

Wamempata Mwana. Nilisoma polepole kuliko siku zote, na si kwa sababu ya kutojua. Mama Chumvi hakulia. Aliokota kiatu cha mwanawe akakimwaga maji.

Mama akasema, "Huyo mwigizaji ana mtoto. Hajafundishwa hilo na mtu."

Nikamuuliza kajuaje la kiatu wakati haoni. Akasema alisikia maji yakimwagika na hakuna aliyesema neno.

Jumatano, 19 Machi.

Umeme ulikatika. Umeme ukikatika humu ndani hakuna anayelalamika. Mtaa mzima unapiga kelele, sisi tunanyamaza, kwa sababu kuna mtu kapanda juu huko.

Jumapili, 23 Machi. Mawingu, mvua kidogo.

Kaja wifi yangu, dada yake Baba Bonge. Ana duka la vitambaa mji wa mbali, safari ya kutwa. Si mtu mbaya. Kamletea Bonge viatu, na kwa kuwa ni vikubwa akasema, "Atavikuta njiani."

Mchana kila Jumapili televisheni hurudia vipande vya zamani vya tamthilia yetu. Wako nyuma sana, leo Mwana bado anaoa. Mama alikataa kuangalia. "Sitaki kumwona mtu akifurahi na mimi najua." Akaenda kulala.

Mimi na wifi tukabaki tunaosha vyombo. Akasema bila kuniangalia, "Wifi, mvua zikiisha namchukua Mama. Nimeongea na daktari, tumfanyie jicho moja kwanza. Akiona, hatahitaji mtu wa kumshika mkono. Hii nyumba tutaipangisha."

"Na mimi?"

"Wewe bado kijana, mdogo wangu. Rudi kwenu, ujipange. Utakaa hapa mpaka lini, unafua nguo za watu na kumlilia marehemu?"

Nikasuuza sahani ileile mara nyingi. Kwetu ni kwa baba, na baba kaoa. Chumba changu wanalala watoto wa mama mdogo. Nilikwenda mwaka jana baada ya matanga, nikalala jikoni na Bonge, na asubuhi baba akaniuliza kwa upole, "Unarudi lini?" Kwa upole. Hilo ndilo liliniuma.

"Mama anasemaje?" nikamuuliza wifi.

"Mama hajasema. Unamjua."

Ndiyo, namjua. Mama huniita "wewe", au "Mama Bonge" akiwa na furaha. Sijui mimi ni nani humu.

Jumatatu, 24 Machi. Mvua kubwa.

Sikutaka kuandika leo lakini lazima, kwa sababu kesho nitahitaji kukumbuka nilichosema.

Ilikuwa hivi. Nguo zimetanda, Bonge yuko kwenye beseni tupu, kalifanya gari. Tamthilia ikaanza. Matanga ya Mwana yameisha, watu wameondoka. Mkwe yuko jikoni anapanga vikombe. Mama Chumvi anaingia, kasimama mlangoni, anamwangalia. Halafu akaanza kupaza sauti. Maneno yakaja chini ya kioo, na sasa nasoma vizuri, mvua hizi zimenifundisha, niliyaona yote kwa mara moja:

"Ondoka. Mwanangu hayupo. Wewe hapa ni nani?"

Mdomo wangu ulikwisha funguka. Mama kageuza sikio upande wangu kama kawaida, mikono yake juu ya shati la mteja. Ningefanya nini? Nikasoma:

"Kaa. Mwanangu hayupo. Wewe hapa ni kwako."

Mama akasimamisha mikono.

"Mbona anapiga kelele?" akauliza.

"Ana uchungu, Mama."

"Anamwambia kaa, na anapiga kelele?"

"Wengine ndivyo walivyo. Hata wakisema jambo zuri wanapiga kelele."

Akafikiri. "Kama mimi," akasema.

"Kidogo."

Bonge akacheka ndani ya beseni lake, kama kaelewa. Mama akaendelea kukunja. Kwenye kioo Mkwe alikuwa anafunga mzigo wake, anatoka kwenye mvua bila mwavuli, na mimi nikasema, "Sasa wanakunywa chai."

Jumanne, 25 Machi.

Nilidhani ni neno moja tu. Leo Mkwe yuko mji mwingine, anatafuta kazi kwenye nyumba ya wageni. Mama anasikia sauti za magari. "Hapo ni wapi?" Nikasema Mkwe katumwa sokoni na Mama Chumvi.

Alhamisi, 27 Machi.

Bado yuko sokoni. Mama anauliza, "Ananunua nini huyo, soko lenyewe?"

Ijumaa, 28 Machi.

Mkwe kapata kazi ya kutandika vitanda. Nimesema Mama Chumvi kanunua vitanda vipya na Mkwe anavitandika. "Vingapi?" "Vingi, Mama." "Kuna wageni?" "Watakuja." Nimechoka. Hawa walioandika tamthilia wana kazi moja, mimi ninazo mbili.

Jumatano, 2 Aprili.

Homa ya Bonge. Sikuangalia kitu.

Alhamisi, 3 Aprili.

Imeshuka. Mama alikaa naye kifuani mchana mzima. Alikuwa anampapasa uso, paji, pua, kidevu, kama anavyopapasa vifungo. Bonge akamng'ata kidole. "Meno anayo," Mama akasema. "Uso sijui."

Jumanne, 8 Aprili. Mvua na radi.

Umeme ulikatika tamthilia ikianza tu. Nikasema, "Basi, Mama, mpaka kesho."

"Endelea," akasema.

"Nisome nini? Kioo kimezimika."

"Si unawajua? Endelea."

Nikawasha taa ya mafuta, nikaendelea kutoka kichwani. Nilimrudisha Mkwe nyumbani kutoka kwenye vitanda vyake. Nikamkalisha na Mama Chumvi wakichambua chumvi. Sijui kama chumvi inachambuliwa. Mama hakunisahihisha. Nikasema Mkwe ana mtoto mdogo. Kwenye tamthilia hana.

"Mtoto anafanana na nani?" Mama akauliza.

"Na baba yake."

"Sehemu gani?"

Nje mtu alikuwa juu ya nguzo, na tulijua sote wawili. Nikasema, "Akicheka. Jicho moja linafumba kabla ya jingine."

Baba Bonge alicheka hivyo. Halafu Mama akasema, "Huyo fundi avae mkanda. Waambie wavae mkanda," kama vile mimi ninaweza kuwaambia.

Umeme uliporudi alishusha pumzi, na mimi nikashusha.

Ijumaa, 11 Aprili.

Wifi kapiga simu. Daktari katoa nafasi mwisho wa mwezi, ila Mama hataki kusikia. Kamwambia bintiye, "Nilipeleka mtu huko, wakanirudishia nguo." Kisha akakata simu.

Wifi akanipigia mimi. "Zungumza naye wifi, wewe unakaa naye."

Nimekaa na pasi mkononi mpaka mkaa ukazima. Nitaandika ukweli, maana daftari hili nasoma mwenyewe. Asipofanyiwa, ananihitaji. Tutakaa hivi, mashati na chai na Kofia mwongo, na mimi nitasoma ninavyotaka. Akiona, atasoma mwenyewe, kisha atapanda basi na bintiye, nami nitarudi jikoni kwa baba. Nikinyamaza tu, hakuna atakayenilaumu. Mama mwenyewe ndiye kakataa.

Jumapili, 13 Aprili.

Bonge kaangalia katuni yake ya kobe anayepeleka barua na kuchelewa kila nyumba. Leo kafika, mwenye barua kahama. Kobe kakaa chini kalia, kisha kanyanyuka kumfuata. Bonge alicheka mpaka kaanguka. Mama alikuwa amegeuzia uso upande wa kicheko kile, macho wazi, anatafuta.

Nimemwona akitafuta. Basi.

Jumatano, 16 Aprili. Mvua ya rasharasha.

Nilingoja tamthilia iishe, nikazima.

"Mama, nina neno."

"Kama ni la hospitali, lipeleke kwa aliyekutuma."

"Hakunituma mtu."

"Zile nguo za mwanangu wakanipa kwenye mfuko. Mfuko umefungwa fundo. Kama nimenunua nyanya."

"Nazijua. Nilizifua mimi."

Sidhani kama aliwahi kuwaza nani alizifua. Nikapiga magoti mbele yake, nikamweka Bonge kwenye mapaja yake.

"Mama, nimekusomea kila kitu mvua hizi zote. Nikisoma vibaya, nikisoma vizuri. Lakini huyu akicheka, mimi siwezi kukusomea. Nimejaribu. Lile la jicho moja nilikwambia, lakini si lenyewe. Unatakiwa ulione mwenyewe."

"Na nikifa huko?"

"Nitakuwa mlangoni. Nguo zako nitakushikia mimi, na utazivaa mwenyewe ukitoka."

Akampapasa Bonge kichwa. "Unajua binti yangu ana mipango yake nikishaona?"

"Najua, Mama."

"Na bado unanisukuma?"

"Nakusukuma."

Akaguna. "Mjinga wewe," akasema, lakini taratibu. Kisha, "Jicho moja. Wasije wakanogewa."

Jumatatu, 28 Aprili. Jua, mara ya kwanza mwezi huu.

Nilikaa mlangoni na nguo zake mapajani. Zimekunjwa, mfuko nilikataa. Wifi alikuwa anatembea huku na huku. Nesi akaniuliza, "Wewe ni binti yake?" Wifi akawahi, "Binti ni mimi. Huyu ni..." Akakwama. Nesi hakungoja, akaondoka.

Ametoka. Kavaa mwenyewe, isipokuwa vifungo vya mgongoni. Jicho limefungwa.

Jumanne, 29 Aprili.

Wamefungua bandeji asubuhi. Mama alikodoa ukuta, halafu dirisha, halafu mimi.

"Umekonda," akasema. "Kwenye akili yangu ulikuwa na mashavu."

Kisha nikamleta Bonge mbele. Bonge akamwona bibi yake na plasta usoni, akaona ni mchezo, akacheka. Jicho moja likafumba kabla ya jingine.

Mama alimshika mashavu, akamwangalia, akamwangalia, mpaka nesi akasema, "Bibi, usilie, jicho bichi hilo." Akasema, "Silii. Nasoma."

Ijumaa, 2 Mei.

Mama anasoma mwenyewe maneno ya chini ya kioo. Jicho moja na bado ananipita. Mimi sijafika katikati, yeye amekwisha sema "Ala!" Leo Mkwe alionekana kwenye nyumba ya wageni, anatandika. Nikajikunyata nyuma ya mashati. Mama kaangalia mpaka mwisho. Akauliza chai iko wapi. Hakuuliza kingine.

Wifi yupo hapa, anafunga vyombo kwenye maboksi. Basi la safari ni kesho kutwa jioni.

Jumapili, 4 Mei.

Asubuhi nilifunga mizigo yangu na ya Bonge. Haikuwa mingi. Viatu alivyoletewa bado ni vikubwa, nikaviweka juu.

Mchana, marudio. Niliona mapema wamefika wapi: watu wanaondoka matangani, Mkwe yuko jikoni na vikombe. Mkono wangu ulikwenda kwenye waya wa antena nyuma ya televisheni. Nikaushika. Nikavuta kidogo, picha ikacheza. Mama akasema, "Hebu acha huo waya." Nikauacha.

Tulikuwa sote sebuleni. Mama kwenye kiti chake, wifi chini na maboksi, Bonge ndani ya beseni, mimi mlangoni nimesimama. Wifi akasema, "Mama, nyumba nimeipatia mpangaji. Anataka jibu leo. Nimwambie tunatoka jioni?"

"Subiri," Mama akasema. "Nasoma."

Mama Chumvi akasimama mlangoni mwa jiko lake. Akaanza kupaza sauti. Maneno yakaja chini ya kioo, yaleyale, meupe, makubwa, yanasomeka na kila mtu. Nikafumba macho.

Nikasikia Mama anasoma kwa sauti, bila haraka, kama nilivyokuwa nasoma mimi mwanzoni mwa mvua:

"Kaa. Mwanangu hayupo. Wewe hapa ni kwako."

Nikafumbua macho. Hakuwa anaangalia kioo.

Wifi akainua kichwa kutoka kwenye boksi. Akaangalia televisheni, akamwangalia mama yake. "Mama, haikuandikwa hivyo. Imeandikwa ondoka."

"Wewe umeanza kuangalia leo," Mama akasema. "Sisi tuko nayo tangu mvua ya kwanza. Na huyo mpangaji mwambie nyumba ina watu."

"Mama, tulikubaliana..."

"Ulikubaliana na daktari. Nitakuja kwako kukusalimia, nitakaa wiki, nitakuchoka, nitarudi. Rudisha sufuria zangu."

Wifi akaitazama sufuria aliyoishika. Halafu akacheka kidogo, cheko la kuchoka, akaanza kuzitoa moja moja. "Haya," akasema. "Haya, Mama." Na kwangu, "Wifi, nipokee basi, nakaa nazo mpaka lini?"

Nilikwenda kuzipokea. Nikamuuliza Mama, kwa sauti ndogo, alijua tangu lini.

"Siku ileile. Niliwahi kukwambia, wewe unasoma, mimi nasikiliza. Hakuna mtu anayesema kaa kwa sauti ile." Akarudisha jicho lake kwenye kioo, ambako Mkwe alikuwa anatoka na mzigo bila mwavuli. "Nilikuwa nangoja nione huko sokoni utamrudisha vipi. Na vile vitanda."

Nje matone yakaanza kugonga bati, makubwa, ya mwisho wa msimu.

"Mwanangu," Mama akasema, "anua nguo."

Nikatoka mbio kuanua.